Jinsi ya kupima kama ubalozi unaipa serikali taarifa inazozihitaji

CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, akikagua balozi zetu anaangalia hesabu, magari, majengo, kodi za nyumba za watumishi, na ripoti ikitoka watu wanaijadili wiki nzima. Sawa kabisa, hela ya umma lazima ikaguliwe. Ila kuna swali lingine ambalo mimi naona halipewi uzito wake: kwa mwaka mzima ubalozi huu umeleta taarifa gani ambayo serikali ilikuwa inaihitaji na isingeipata kirahisi kwingine? Maana hiyo nayo ni kazi yake, imeandikwa kwenye Mkataba wa Vienna wa 1961, ibara ya 3, kwamba ubalozi ufuatilie kwa njia zote za halali hali na mambo yanayoendelea nchini ulipo na kuripoti nyumbani. Iko kwenye ibara moja na kulinda maslahi ya raia na kukuza uhusiano wa uchumi, haikuwekwa pale kama pambo.

Huu mwongozo nauandika kwa ajili ya afisa wa sera na mipango aliyeambiwa "kafanye tathmini ya balozi" akapewa hadidu za rejea za nusu ukurasa, kwa wanafunzi wa chuo cha diplomasia pale Kurasini, Dar, na kwa mjumbe wa kamati ya bunge anayetaka kuuliza maswali ya maana. Wenzetu wa Kenya na Uganda mnaweza kuutumia pia, mifumo yetu inafanana sana. Na tuelewane mapema, hapa siongelei ushushushu, hiyo ina watu wake na sheria zake. Naongelea taarifa anazozipata afisa ubalozi kwa kusoma, kukutana na watu, kuhudhuria vikao na kutembea nchi ya watu akiwa macho.

Hatua ya 1: Anza na maamuzi ya serikali, ubalozi uje baadaye

Watu wengi wakipewa kazi hii wanakimbilia masijala, wanaomba mafaili yote ya ubalozi fulani, wanahesabu ripoti ziko ngapi, halafu wanaandika "ubalozi umetuma ripoti 46 kwa mwaka, utendaji ni mzuri". Hiyo haikuambii kitu. Ripoti 46 zinaweza kuwa 40 za kumpokea mheshimiwa uwanja wa ndege na 6 za sherehe ya uhuru.

Nenda kwanza kwa watumiaji. Kilimo, Fedha, Viwanda na Biashara, Ulinzi, Benki Kuu, Uhamiaji, na kama unaweza kupata mtu wa Ikulu basi vizuri zaidi. Usiwaulize "mnaridhika na taarifa za balozi?" maana watajibu ndiyo kwa heshima na mtaishia hapo. Waulize hivi: miaka 2 iliyopita mmefanya maamuzi gani ambayo yalitegemea kujua jambo la nje ya nchi, na ni lini mlishtukizwa? Hilo neno kushtukizwa ndilo linafungua midomo, kila wizara ina siku yake iliyoamka ikakuta gazeti limeitangulia.

Toka huko na orodha ya maswali 10 mpaka 15, siyo zaidi, kila swali liwe na mwenye nalo na tarehe ya mwisho ambayo jibu lingekuwa bado na faida.

Ngoja nioneshe kwa mfano mmoja kwa undani kwa sababu ndio unaonesha kazi yote ilivyo. Mbaazi. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, na wakati huo wakulima wa Lindi, Mtwara, Manyara walikuwa wanavuna au wameshavuna, soko lao kubwa ni India, bei ikaporomoka na watu wakabaki na magunia ndani. Sasa swali la tathmini ni hili: taarifa ya kuokoa hali ilitakiwa ifike Wizara ya Kilimo lini? Mbaazi zinapandwa na mvua za mwisho wa mwaka kuelekea Januari, kwa hiyo ili mkulima apunguze ekari au achanganye na zao lingine ilibidi ajue Oktoba au Novemba 2016. Baada ya hapo mbegu iko ardhini, ukimwambia Machi unampa presha tu.

Je, Oktoba 2016 kulikuwa na cha kuripoti? Kulikuwa nacho, na kilikuwa hadharani kabisa. Bei ya dengu na mbaazi India ilipanda sana 2015, serikali yao ikapandisha bei ya kima cha chini inayowahakikishia wakulima wake, wakulima wakalima kwa wingi msimu wa 2016, na mavuno ya mbaazi ya msimu ule yakaja kuwa karibu mara mbili ya msimu uliotangulia. Ukubwa wa maeneo yaliyopandwa unatangazwa na wizara yao ya kilimo msimu ukiwa bado unaendelea, hahitajiki mtu wa kunong'ona. Machi 2017 wakaweka ushuru wa asilimia 10 kwa mbaazi za nje, hiyo ni kengele ya pili. Na kuna hii ambayo mimi huwa narudi kwayo kila mara: Julai 2016 Waziri Mkuu Modi alifanya ziara moja ya Msumbiji, Afrika Kusini, Tanzania na Kenya. Kule Maputo walisaini makubaliano ya India kununua jamii ya kunde za Msumbiji, kuanzia tani 100,000 na kupanda hadi 200,000 kwa mwaka, na ukomo ulipokuja 2017 mzigo ulio chini ya makubaliano ya serikali kwa serikali haukuhesabiwa humo. Ziara moja, wiki moja, jirani yetu akajikinga.

Kwa hiyo mkaguzi mzuri akishika swali la mbaazi anatafuta vitu vitatu kwenye faili: ripoti yoyote ya kabla ya Novemba 2016 kuhusu kilimo cha India, ripoti yoyote kutoka Maputo kuhusu yale makubaliano, na muhuri wa Kilimo kuonesha ilipokelewa. Anasoma, anaandika tarehe. Hahitaji maoni ya mtu.

Hatua ya 2: Angalia kama ubalozi uliulizwa

Hii inarukwa na karibu kila mtu na ndiyo inayoleta lawama za uongo. Kabla hujasema ubalozi ulishindwa kujibu, tafuta ushahidi kwamba swali liliwahi kutumwa. Barua, imeili rasmi, dokezo la Katibu Mkuu, hata kipengele kwenye mpango kazi wa mwaka. Kama hakuna, andika wazi kwamba hawakuulizwa na kosa liko makao makuu.

Upande wa pili kuna serikali zinazouliza mpaka zinapitiliza. Kwenye zile nyaraka za Marekani zilizovujishwa na WikiLeaks mwaka 2010 kuna moja ya Aprili 2009 iliyotumwa kwa balozi zao za Maziwa Makuu, yaani Kongo, Rwanda na Burundi, ina orodha ndefu ya vitu Washington inataka kujua: vikundi vya waasi, madini, majeshi, uhusiano wa Kigali na Kinshasa, na ikafika mpaka kutaka alama za vidole, picha za uso, DNA na picha za mboni za macho za viongozi. Ukiisoma kama mkaguzi unaona matatizo mawili. Moja, orodha ndefu hivyo haina kipaumbele, afisa mwenye wiki ya siku 5 atajibu yale mepesi na mazito yatabaki. Pili, mwanadiplomasia hapaswi kutumwa kuchukua alama za vidole za waziri wa watu, hiyo "njia za halali" ya Mkataba wa Vienna ina maana yake na ikivunjwa anayeumia ni afisa wa chini kabisa.

Maswali 5 kwa ubalozi kwa mwaka yanatosha, matatu ya kudumu na mawili ya msimu.

Hatua ya 3: Tengeneza jedwali la tarehe

Chora jedwali, hata kwenye Excel ya kawaida. Kila swali mstari wake. Safu ya kwanza ni lini dalili ya kwanza ilionekana hadharani, ya pili lini ubalozi uliripoti, ya tatu lini ripoti ilifika kwa mtu mwenye swali (siyo ilipofika Mambo ya Nje, ilipofika kwa mwenye swali), ya nne lini uamuzi ulifanyika, ya tano uamuzi ulikuwa nini.

Utashangaa mara nyingi tatizo liko kati ya safu ya pili na ya tatu. Ripoti imetoka ubalozini vizuri, imeingia dawati husika, afisa wa dawati yuko safari, ikaandikiwa dokezo, ikapanda kwa mkurugenzi, ikashuka, ikaambatanishwa kwenye barua ya kwenda wizara nyingine na huko ikafunguliwa faili jipya, wiki 6 zimepita na hakuna aliyefanya kosa hata moja kwa mujibu wa taratibu. Andika kila kituo na siku iliyokaa hapo. Usiwaonee haya, hilo ndilo jambo linaloweza kurekebishwa haraka kuliko yote na bila kuongeza hata shilingi kwenye bajeti.

Hatua ya 4: Tofautisha aina za kushindwa

Hapa ndipo tathmini nyingi zinaharibika, kila kushindwa kunaitwa "ukosefu wa taarifa". Ziko aina nne na dawa zake hazifanani: hawakuulizwa, hawakujua, walijua lakini hawakuelewa, na walisema lakini hawakusikilizwa.

Mfano mkubwa wa kusoma ni Uingereza kule Tehran. Shah wa Iran aliondoka nchini tarehe 16 Januari 1979, Khomeini, kiongozi wa dini aliyekuwa mpinzani wake mkubwa, akarudi tarehe 1 Februari, na London ilikuwa imeshtukizwa vibaya. Waziri wao wa Mambo ya Nje, David Owen, akaagiza uchunguzi wa ndani, ukafanywa na afisa wao mmoja, Nicholas Browne, akapitia mawasiliano ya ubalozi ya 1974 mpaka 1978 na kuandika bila kupaka rangi. Alichokikuta ni kwamba ubalozi uliikadiria nguvu ya Shah kupita kiasi, ulijua kidogo sana kuhusu wafuasi wa Khomeini, na haukuwa na uhusiano wa maana na wapinzani. Kwa nini? Kwa sababu Iran ilikuwa mteja mkubwa, inanunua vifaru vya Chieftain na mitambo, na balozi Anthony Parsons aliupanga ubalozi kwa kazi ya kuuza na akaona kukutana na wapinzani kungemuudhi Shah na kuharibu biashara. Kwa hiyo maafisa wenye akili nzuri walikuwepo, wamekaa jiji lile lile, na hawakwenda sokoni wala misikitini, ambako ndiko mambo yalikuwa yanapikwa na kaseti za hotuba za Khomeini zinapita mkono kwa mkono.

Parsons mwenyewe baadaye alilitazama tofauti kidogo, alisema taarifa zilikuwepo, kilichopungua ni kuzielewa. Mimi naona wote wawili wana hoja, na wewe mkaguzi ndio kazi yako kuamua kwa kila swali lako ni lipi kati ya hayo mawili, maana kama hawakujua unaongeza watu wa kutoka nje na lugha, ila kama walijua na hawakuelewa, kuongeza ripoti kutazidisha kelele tu, unachohitaji ni mtu wa kupinga, afisa anayepewa ruhusa rasmi ya kuandika "vipi kama sisi wote tumekosea".

Na Wamarekani pia walikuwa hapo hapo Tehran na tathmini ya CIA ya Agosti 1978 ilisema Iran haiko kwenye hali ya mapinduzi wala hata dalili zake. Balozi wao William Sullivan aliandika ujumbe wake mzito wa kuitaka Washington ifikirie maisha bila Shah tarehe 9 Novemba 1978, imebaki miezi miwili na siku chache.

Aina ya nne tunaijua sisi Afrika Mashariki kwa maumivu. Kabla ya tarehe 7 Agosti 1998, siku balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zilipolipuliwa kwa mabomu, balozi wa Marekani Nairobi, Prudence Bushnell, alikuwa ameshaiandikia Washington kwamba jengo lao pale kona ya Moi Avenue na Haile Selassie liko karibu mno na barabara na si salama, alimwandikia hadi Waziri wa Mambo ya Nje mwenyewe. Haikubadilisha kitu kwa wakati. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, wengi mno wakiwa Wakenya waliokuwa kwenye shughuli zao, na Dar es Salaam watu 11. Ukikutana na kesi ya namna hii kwenye jedwali lako usiandike "ubalozi uboreshe mawasiliano". Ubalozi uliwasiliana. Andika nani alipokea na alifanya nini nayo.

Hatua ya 5: Nenda ubalozini ukaangalie watu wanatumiaje siku

Ukifika usianze na balozi, msalimie kwa heshima zote, mweleze kazi yako, halafu omba kukaa na maafisa. Omba kuona ratiba zao za miezi mitatu. Gawanya muda: protokali na wageni kutoka nyumbani, pasipoti na viza, utawala, na kutafuta na kuandika taarifa. Ubalozi mdogo wenye maafisa wanne unaweza kuwa unatumia nusu ya mwaka kupokea misafara, na hapo huwezi kumlaumu mtu kwa kukosa ripoti, unatakiwa kuiambia serikali ukweli kwamba misafara ina bei na bei yake ni hiyo.

Kisha angalia nani anaongea lugha ya watu wa pale. Siyo Kiingereza cha hotelini. Pale Iran Wamarekani walikuwa na konseli mdogo mjini Tabriz, Michael Metrinko, anaongea Kiajemi na ana marafiki mtaani, na aliona fukuto mapema kuliko wengi wa mji mkuu. Mtu mmoja mwenye lugha anazidi watano wasio nayo.

Halafu fanya jaribio hili, mimi nalipenda kwa sababu halina ubishi: chukua ripoti 10 za mwisho za ubalozi na kalamu ya kung'arisha. Piga rangi kila sentensi ambayo usingeweza kuipata kwenye magazeti ya nchi ile au mtandaoni siku hiyo hiyo. Mazungumzo na mfanyabiashara wa bandarini, alichosema mkulima, afisa wa wizara alivyosita kujibu, tathmini ya afisa mwenyewe yenye "kwa hiyo sisi tufanye hivi". Kama ripoti nzima inabaki nyeupe, huo ni muhtasari wa magazeti na mtu wa Dar angeweza kuuandika akiwa ofisini. Ila kuwa muungwana, tazama pia kama nyeupe ile ilikuwa ni tafsiri ya kitu kilichoandikwa kwa Kichina au Kiarabu ambacho hapa nyumbani hakuna anayekisoma, hiyo ina thamani yake.

Hatua ya 6: Njia na usalama

Kwa kifupi tu. Hakikisha taarifa zinapatikana kihalali na zinatumwa kwa njia rasmi. Kundi la WhatsApp la "Ubalozi na Makao Makuu" siyo njia ya kutuma tathmini kuhusu serikali ya nchi mwenyeji, na ukiikuta, na ukweli ni kwamba utaikuta, iandike. Mazungumzo yakisikilizwa na watu wengine yanaweza kueleweka vibaya hata yakiwa ya kawaida. Januari 1965 Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, Robert Gordon wa Dar na Frank Carlucci wa Zanzibar, kwa sababu ya maongezi yao ya simu, walitumia lugha ya mafumbo ya "risasi" wakimaanisha hoja za kuishawishi Washington, waliosikiliza wakaelewa ni silaha. Wakati ule Zanzibar ilikuwa ndio kwanza mwaka mmoja tangu mapinduzi na kila mtu ana wasiwasi, kwa hiyo huwezi hata kuwashangaa waliosikiliza.

Hatua ya 7: Andika ripoti inayosomeka

Kurasa 12 zinatosha, jedwali liwe mbele kabisa. Kwa kila swali sema aina ya kushindwa au kufaulu, na mapendekezo yawe na jina la cheo na tarehe: "Mkurugenzi wa Asia apeleke ripoti za bei za mazao moja kwa moja Kilimo ndani ya siku 3, nakala Mambo ya Nje". Epuka "kuimarisha uratibu", hakuna mtu aliyewahi kuamka asubuhi akaenda kuimarisha uratibu.

Waliofanya vizuri wataje. Afisa aliyeandika onyo zuri mwaka juzi na likalala kwenye faili anastahili kujua kwamba kuna mtu hatimaye amelisoma, na ukweli ni kwamba maafisa wengi wanaacha kuandika vizuri kwa sababu hawajawahi kupata jibu hata mstari mmoja. Ndiyo maana napendekeza kila wizara inayopokea ripoti irudishe kitu kidogo: imetusaidia, haijatusaidia, tunaomba zaidi kuhusu hili. Mistari mitatu, basi.

Baada ya miezi 6 rudi na maswali yale yale na jedwali lile lile. Usibadilishe vipimo hata kama uongozi mpya umeingia na una vipaumbele vyake, hivyo viongeze kama mistari mipya chini. Na orodha ya maswali ya mwaka unaofuata itumwe balozini kabla bajeti haijafungwa, ili afisa wa New Delhi akitaka nauli ya kwenda Maharashtra kuangalia mashamba ya mbaazi kabla ya msimu wa kupanda huku kwetu, hela hiyo iwe tayari kwenye kifungu chake.